Roki Siku ya Hina

Kesho ilikuwa harusi yake. Kidawa alikuwa amenyoosha mikono hina ikauke, lakini miguu haikumtulia. Kwenye redio ya kaseti ilipiga ile bendi ya roki aipendayo, magitaa yakikwaruza, mwimbaji akifoka mpaka sauti inampasuka. Kila alipomsikia, kifua kilimfunguka.

Mama yake akaingia. "Zima kelele hizo, mwanangu. Wageni wamejaa ukumbini."

"Mama, huyu anapiga kelele nilizozimeza mimi."

Mama akaduwaa. "Umemeza nini, Kidawa?"

Kidawa akaitazama hina ya harusi mikononi mwake. Ukumbini vigelegele vilipanda. Mama akarudishia mlango, akaketi karibu naye, kisha akaongeza sauti ya redio ili wageni wasisikie atakachojibiwa.