Paa la Nyirabagenzi

"Dada, unisomee. Banasema nini?"

Jirani yangu Nyirabagenzi alininyooshea simu, vidole vyake bado na udongo wa shamba la maharagi.

Feza za shirika zimefika tena, njo vile ujumbe ulisema. Yeye anapewa sababu analala chini ya paa la majani. Mimi walinikatalia sababu ya manjanja yangu, mabati yenye kutu niliyoyalimia miaka minne.

Wangepatia kila muntu, roho yangu isingeuma hivi.

"Kama zimefika, nitanunua manjanja kama yako," alisema, akicheka.

Watu wa shirika wanarudi mwezi ujao kukagua mapaa kabla ya kutuma zingine. Mimi nilijua, yeye hakujua.

"Zimefika, dada," nilimujibu. "Kesho twende sokoni Sake. Uchague yenye kung'aa."