Kwale Aliyewajua Mbwa Wawili

Kwale wa nchi ya theluji aliwajua mbwa wa mwindaji tangu enzi za babu zao, na hakumwogopa hata mmoja.

"Yule wa madoa ni wa ukoo wa kunusa," aliwaambia vifaranga wake. "Akitunusa husimama kama gogo, mguu mmoja juu, mpaka bunduki ije. Yule wa manyoya mazito ni wa ukoo wa kuvuta mizigo. Ndege kwake si kitu. Akihisi uzito nyuma yake, huvuta tu."

Asubuhi moja mwindaji aliwafunga mbwa kwa kamba moja, wa manyoya mbele na wa madoa nyuma, akaingia ndani kunywa kahawa. Mbwa wakazunguka uani. Kwale akaja kwa maringo, akapita katikati yao.

Wa madoa akasimama, mguu juu. Kamba ikakaza. Wa manyoya akahisi uzito, akavuta kwa nguvu zote, na mwenzake akaserereka kwa tumbo mpaka mdomo wake ukamfikia Kwale.

Kwale alirudi kwa vifaranga bila mkia.

"Mama, si ulisema unawajua?"

"Mbwa nawajua wote wawili," alisema Kwale. "Kamba ndiyo sikuijua."