Mke Mwenza Chupani

"Nimekuja kumwona mke mwenzangu," mjane alisema mlangoni mwa maabara.

Mtafiti aliyemfungulia hakucheka. Alijua anayesemwa. Marehemu mume wa mjane, rafiki yake aliyekaa naye meza moja tangu waanze utafiti, ndiye aliyeipa chupa yake ya majaribio jina hilo, kwa kuwa ilikula jioni zake zote.

"Karibu, shemeji. Tembeeni taratibu tu. Sakafu ikitikisika, kilichomo chupani kinaharibika."

Kaka wa marehemu aliingia nyuma yake, uso umekunjamana. Bawabu alikuwa amemdokeza kwamba mtafiti huyu alifika asubuhi hiyo kabla ya watu wote, akajifungia ndani peke yake.

"Wasomi hawa huibiana hata kaburini," alimnong'oneza mjane. "Tufumbue macho."

Profesa aliyewasimamia watafiti hao wawili alikuwa akiwasubiri ndani; aliwasogeza karibu na sanduku jeusi lililotunza chupa.

"Humu mna chembe ndogo kuliko vumbi, hazionekani kwa macho. Zikiachwa zitulie majini, hujipanga zenyewe, safu juu ya safu, bila mkono wa mtu, zikang'aa rangi. Zikikataa, unabaki na tope jeupe. Mumeo aliamini zake zitakubali."

Mtafiti alifungua sanduku. Alikiweka kifuniko mezani, akafikicha macho.

"Mbona macho mekundu?" kaka aliuliza.

"Sikulala vizuri."

Profesa akawasha kurunzi. Chini ya chupa pakawaka kijani, kisha buluu, kisha wekundu wa kaa la moto, kadiri mjane alivyosogeza kichwa. Aliinama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Kumbe hiki ndicho alichokuwa anakifuata," alisema. "Nilimsema vibaya, shemeji. Asubuhi ile ya ajali iliyomchukua nilimwambia anapoteza maisha yake kwa maji ya chupa."

"Hakuyapoteza."

Mjane alilia kimya kimya, kiganja mdomoni. Profesa alivua miwani, akakohoa.

"Kazi hii itatoka kwa jina lake," alisema. "Lake peke yake."

Kaka alimgeukia mtafiti. "Una neno?"

"Sina."

"Na chupa yako je?" mjane aliuliza, akijifuta macho. "Si mlianza pamoja?"

"Yangu ilikataa, shemeji."

"Pole. Utaanza tena?"

"Profesa akiniruhusu."

Profesa alitangulia mlangoni kuwafungulia. Kaka alishusha pumzi kama mtu aliyeokoa mali ya nduguye, akamshika mjane mkono, wakatoka. Mtafiti hakuagwa.

Alipobaki peke yake alifunga mlango. Akapiga magoti mbele ya kabati la chini, akatoa chupa aliyoiondoa sandukuni asubuhi ili kupisha yake mwenyewe iliyong'aa: ile ya marehemu, imejaa tope jeupe. Alilimwaga kwenye sinki, akaacha maji ya bomba yakitiririka mpaka sauti zao zikapotea kwenye korido.