Kofia ya Badi

Katika mji ule, mchumba ndiye aliyemshonea bwana harusi kofia yake, na Ruzuna, mchumba wake Badi, alikuwa amebakiza safu mbili tu za vitundu vya kudarizi. Bi Esha, shangazi yake Badi, alipopiga hodi, Ruzuna alimkimbilia na barua ya hospitali hata akasahau kumwamkia.

"Karibu, shangazi. Majibu yametoka. Kumbe ni gegedu tu, ule mfupa laini, limeota ndani ya mfupa wa kidole changu. Si saratani, wala sitawarithisha watoto."

Bi Esha aliipokea barua asiifungue, akaketi mkekani taratibu.

"Alhamdulillahi, mwanangu. Lakini sisi tulishaogopa. Badi anamuoa binti wa jirani yetu Ijumaa hii."

Ruzuna alikishika kidole chake pale kilipovimba.

"Na Badi mwenyewe anasemaje?"

"Hasemi kitu." Bi Esha aliinamisha uso. "Nimekuja kwa haya, Ruzuna. Yule binti hajui kushona, na siku zimekwisha. Kofia hii ilikatwa kwa kipimo cha kichwa cha Badi. Nakuomba uimalize."

 Ruzuna alitafuta tundu la sindano, na uzi ukapita mara ya tatu. Kisha akaingiza mkono wa kushoto ndani ya kofia, akatanua vidole vyote vitano mpaka kitambaa kikajaa kama kilichovaliwa, akabaki ameiinua hivyo mbele ya macho yake, sindano ikingoja katika mkono wa pili.