Mbegu za Akubi

Mama mkwe wangu alizikaanga mbegu zangu zote za akubi, akazitia chumvi, akawawekea wageni.

Akubi ni mmea wa miiba wa hapa milimani Ajlun. Kila mwaka tunauchuma ukiwa mchanga, tunaupika na mtindi, na sasa karibu tutaumaliza. Kiangazi kizima nilizunguka majabalini nikapata mbegu mia nne na sita za kuurudishia mlima. Nilizificha jikoni nyuma ya mchele.

Wageni walikuja kumposa binti yangu. Kahawa ilikuwa mbele yao, haijaguswa, maana kwetu mwenye kuposa hanywi mpaka akubaliwe. Mikono haikuwa na kazi, na sahani ilikuwa karibu.

Niliingia nikasikia ka, ka, ka. Ganda moja lilikuwa limenasa kwenye ndevu za baba wa kijana.

Nilimvuta mama mkwe, Hajja Wasfiya, pembeni. "Mama, zile ni za kupanda!"

"Za kupanda zinakaa na mchele, mkwe wangu? Si ungesema! Haya, cheka na wageni."

"Ndugu yangu," baba wa kijana aliniita huku akitafuna, "kahawa tutaisubiri hata mpaka usiku. Mbegu hizi zipo nyingine?"

Nilikuwa nimepanga kuwasumbua kwa kuchelewesha jibu saa mbili nzima. Mlangoni binti yangu alinitolea macho nikubali.

"Nimekubali!" nikasema. "Kunyweni kahawa. Wekeni sahani chini, kunyweni!"

Walipoondoka nilihesabu. Maganda mia nne mezani, moja limekwenda na ndevu, mbegu tano zilizoungua, na binti mmoja.