Chini Ni Wapi?

"Chini ni wapi?" Chura aliuliza, na siku ile hakuna aliyemjibu.

Alikuwa akimuuliza Nguruwe wa Bandani, aliyejisifu kwamba sakafu yake ina matundu, mavi yote huenda chini, basi yamekwisha.

"Hebu mtazameni huyu wa nje, tope hadi masikioni!" alicheka Nguruwe wa Bandani, akimwonyesha Nguruwe wa Nje aliyekuwa akifukua shambani.

"Ni kweli, dada, shamba nimelifukua hadi linatisha," alisema Nguruwe wa Nje. "Lakini uharibifu wangu kila mtu anauona."

"Wivu tu huo!"

Chura alirudi bwawani na hofu yake, maana wanawe walikuwa humo. Mvua zilipokuja, maji yakawa kijani kizito, na sauti za vyura zikapungua mojamoja hadi pakawa kimya kabisa.

Asubuhi moja Nguruwe wa Bandani alifungua bomba lake, linalovuta maji ya bwawa lile. Yalitoka yakinuka, na harufu ile aliifahamu: ilikuwa yake mwenyewe. Kisha ndani ya bomba ikasikika sauti ya Chura, taratibu: "Chini ni hapa, dada. Kunywa."

Wewe unayenisikiliza, kabla hujalisifia banda kwa usafi, nakuomba ukasimame kwanza kwenye bwawa la jirani, usikilize kama vyura bado wanalia.