Aliyevuka

"Wamaitha, mia moja arobaini na nne," karani alisoma. "Kipkemoi, mia moja arobaini na tatu."

Linah, aliyekuwa ameketi nyuma ya ukumbi wa kanisa na wanawake wenzake, hakumtazama mumewe, Kipkemoi. Aliwatazama watu wa kwao, uso baada ya uso, akimtafuta atakayekwepesha macho.

Hesabu za chama cha wakulima wa viazi alizijua kwa moyo. Kila boma kura moja, na maboma yalikuwa mia mbili themanini na saba. Miaka mitatu iliyopita walichagua mwenyekiti kwa mlolongo, uwanjani: wagombea wawili wamesimama mbele, wanachama wamejipanga nyuma yao. Wakalenjin wote walisimama upande wa Kipkemoi, Wakikuyu wote upande wa Wamaitha. Ukimhesabu na Kipkemoi mwenyewe, upande wake ulikuwa na watu mia moja arobaini na wanne. Hakuna aliyevuka. Nani angevuka mchana kweupe, wajomba na shangazi zake wakimkodolea macho?

Safari hii Natalie, yule karani, ndiye aliyeleta habari za kura ya siri.

"Kwa mlolongo watu hawachagui kiongozi," aliwaambia mkutanoni. "Wanachagua majirani wa kusimama nao."

Wazee waliguna. Linah aliona mtego. Lakini Kipkemoi aliinuka, akavua kofia. "Wacha tujaribu hiyo ya siri," alisema, na mjadala ukaisha.

Sasa maboma yalikuwa yale yale, na mmoja amevuka.

"Waambie wahesabu tena," Linah alimwambia jioni ile.

"Wamehesabu mara mbili, Mama Kiprugut."

"Basi turudi kwa mlolongo. Tutamjua."

"Ukishamjua, utamfanya nini?" Kipkemoi alijivutia sahani, akala ugali wake wote, akaomba mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni. Linah aliona ni mshtuko. Mtu aliyepigwa sana, alifikiri, hukawia kusikia maumivu.

Yeye aliyasikia kwa niaba yake. Alianza kuzunguka maboma, leo kwa huyu, kesho kwa yule, akinywa chai na kusikiliza. Kila mmoja aliapa kwamba alimpigia Kipkemoi. Wengine waliapa kabla hata ya kuulizwa, akawashuku hao zaidi. Lakini kila alikokwenda, jina moja lilitajwa kwa sauti ya chini: Kibii, mdogo wake Kipkemoi, tumbo moja.

Wiki moja kabla ya uchaguzi, viazi vya Kibii vilikuwa vimeshuka Nakuru kwa lori la Wamaitha. Tena Kibii alikuwa amelalamika hadharani juu ya lumbesa, yale magunia ambayo madalali huyashonea kilemba juu mpaka gunia moja likawe karibu mawili, kwa bei ya moja. Wamaitha alikuwa ameapa kuikomesha lumbesa. Kipkemoi naye aliapa hivyo hivyo miaka yote, ila kila msimu ulipofika, madalali walikuja nyumbani kwake, wakaketi, wakaandaliwa chai, na neno likafia hapo. Angewafukuza vipi? Wawili kati yao walikuwa kaka zake Linah.

Linah alimkuta Kibii shambani.

"Shemeji, ulivuka?"

Kibii aliacha jembe ardhini. "Hata wewe, Linah?"

"Nijibu."

"Nilimpigia ndugu yangu. Na viazi vyangu vilienda na lori lililokuwa na nafasi. Basi."

Hakumwamini. Aliporudi aliyasimulia kisimani, na maneno yakapanda mlima upesi kuliko moshi. Hata mwezi haujaisha, watu waliacha kuitikia salamu za Kibii. Ng'ombe wake walifungiwa njia ya kwenda mtoni. Mkewe, Chepkosgei, alifunga nguo za watoto kwenye shuka, akasema anarudi kwao Kericho mpaka mume wake awe mtu tena. Kipkemoi alipoyasikia hayo alitoka nje, akashinda akipasua kuni ambazo hakuna aliyezihitaji.

Wazee wa ukoo hawakungoja zaidi. Jumapili, baada ya ibada, walikuja nyumbani kwa Kipkemoi, wakakaa sebuleni, Biblia juu ya meza. Kibii aape. Akikubali kosa, atasamehewa kwa mbuzi. Akikana kwa uongo, Mungu mwenyewe atajua la kumfanya.

Linah alisimama mlangoni ili asikose kumwona usoni. Kibii alikuwa amekonda. Shati lake la kanisani lilimpwaya shingoni.

"Mimi sina cha kukubali," alisema. "Nileteeni hicho kitabu."

"Fikiria kwanza, kijana," mzee mmoja alimwonya. "Sanduku la kura halikukuona, lakini Mungu alikuona."

"Aape!" Linah alisema kwa ukali hata yeye akashtuka. "Kama ni msafi, anaogopa nini?"

Kibii alinyoosha mkono. Kabla vidole havijagusa jalada, Kipkemoi aliinuka kitini na kuushika mkono ule kwa mikono yake miwili.

"Usiape, mdogo wangu," alisema. Kisha akamgeukia mkewe. "Kwa mlolongo ningevuka vipi, Mama Kiprugut, na mimi ndiye niliyesimama mbele?"